Waraka kwa Wanachama Wenzangu: Tuziandike Habari za Wakimbiaji Wetu, Tuwakabidhi Vijana

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa michezo hapa Gehandu,



Jambo la waraka huu ni moja, na nimeona lisisubiri mkutano mkuu. Miinuko yetu hii, tangu Karatu na Mbulu hadi chini ya Mlima Hanang, imetoa wakimbiaji ambao majina yao yalitangazwa katika viwanja vya dunia nzima. Sisi tulio majirani na jamaa zao hatuna hata daftari moja la habari zao. Tulichonacho ni masimulizi ya jioni, nayo yanapungua kila tunapomsindikiza mzee makaburini. Nawaomba tuanze sasa kuzikusanya habari hizi, tuziandike kwa usahihi, kisha tuzifikishe kwa vijana wetu zikiwa kamili.

Nasema kamili kwa sababu hata ile inayojulikana kuliko zote tunaisimulia nusu. Nani huku kwetu hajasikia habari za mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu? Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, alianguka njiani, goti likaumia vibaya, na bega pia. Akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kuingia, watazamaji wengi wamekwenda zao, akichechemea, saa 3, dakika 25 na sekunde 27 tangu mbio zianze. Walioanza walikuwa zaidi ya 70, waliomaliza walikuwa 57, na yeye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Kamera zilikuwepo usiku ule, na mtengeneza filamu wa Marekani, Bud Greenspan, akaieneza habari hiyo kila mahali. Mwaka 2000 mzee wetu alialikwa Sydney, na Aprili 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioubeba.

Hiyo ni habari ya kweli na ya heshima. Lakini kijana akiishia hapo anabaki na picha ya mtu mwenye moyo mkubwa tu, aliyeshindwa vizuri. Hajaambiwa kwamba chini ya miaka miwili baadaye, Julai 1970, mtu huyo huyo alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Uskoti, akamaliza wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mshindi wa siku ile, Ron Hill wa Uingereza, alikimbia saa 2, dakika 9 na sekunde 28, muda ambao wakati huo ni watu wachache mno duniani waliwahi kuukaribia. Hao ndio aliokuwa akipambana nao Akhwari.

Sasa wekeni muda huo pembeni ya mwingine. Agosti 1978, Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 40 hivi. Njia hazikuwa sawa, hewa haikuwa sawa, na siwashindanishi wazee wetu hawa. Ila tarakimu zipo: mzee tunayemtaja siku zote kwa kuwa wa mwisho alikimbia Edinburgh kwa muda mfupi kuliko ule uliomletea mwenzake dhahabu miaka minane baadaye. Kwa miaka yote hii tumewafundisha watoto kumwonea huruma fundi. Mimi naamini hasara hiyo ni kubwa, maana mtoto anayeambiwa kwamba wazee wake walikuwa wavumilivu hujifunza kuvumilia, na anayeambiwa kwamba walikuwa mafundi huuliza walifanyaje.

Kuna jambo dogo linalowaponyoka wengi. Katika matokeo ya Edinburgh mzee wetu ameandikwa John Stephen, basi. Anayemtafuta Akhwari katika orodha ile hamwoni. Majina yetu ya Kiiraqw na ya Kidatooga yamekatwakatwa na makarani wa mashindano kwa namna nyingi, na hakuna mtu wa Toronto wala London atakayekuja kuyaunganisha. Ni sisi tunaojua kwamba fulani bin fulani wa karatasi ile ndiye mzee wa boma lile.

Nirudi kwa Shahanga, kwa kuwa ni wa hapa jirani kabisa na bado hatujamtendea haki. Aliposhinda Edmonton alikuwa hajatimiza miaka 21, na aliyemwacha nyuma kwenye nafasi ya pili alikuwa Jerome Drayton, mkimbiaji wa nchi mwenyeji aliyekuwa na jina kubwa. Miaka minne baadaye, kule Brisbane, Australia, akaacha marathoni akaingia meta 10,000, akashinda tena dhahabu, na wa pili alikuwa Mtanzania mwenzake Zakariah Barie, wakifuatana kwa chini ya sekunde moja. Wote wawili, pamoja na Suleiman Nyambui wa kule Mara, walipitia chuo kikuu cha Texas mjini El Paso, wakasoma kwa miguu yao. Shahanga akashinda marathoni ya Rotterdam mwaka 1984, na mwaka 1990 akashinda ya Vienna. Hesabuni wenyewe: tangu Edmonton hadi Vienna ni miaka 12 ya kubaki katika safu ya mbele. Alilala vipi, alikula nini, alipumzika lini, alijiepusha na nini? Majibu ya maswali haya yangekuwa kitabu cha mwalimu kwa kila mtoto wa Hanang. Na Edmonton haikuishia hapo kutujua. Mwaka 2005 Fabiano Joseph wa Babati alikwenda mji huo huo akarudi bingwa wa dunia wa nusu marathoni.

Kisha yuko mzee Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, alikimbia fainali ya meta 1,500 akiwa mbele tangu mlio wa bastola hadi utepe. Alimaliza kwa dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi iliyokuwepo. Mwaka uliofuata, Mei 1975 kule Kingston, Jamaika, Bayi akavunja rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51, akawa Mwafrika wa kwanza kuishika. Mwaka 1976 dunia ilikuwa ikingoja akutane tena na Walker katika Olimpiki ya Montreal, lakini Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizogoma, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kijana ajue hilo pia: mkimbiaji bora wa umbali wake alibaki nyumbani kwa ajili ya utu wa watu asiowajua. Alipata medali yake ya fedha Moscow mwaka 1980, katika meta 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyambui alipata nyingine katika meta 5,000. Medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania iliyowahi kupata katika Olimpiki, na moja imetoka katika miinuko hii.

Wako watakaosema haya ni mambo ya zamani, yamepita, na tarakimu za kwenye makaratasi hazimlishi mtu. Kwa hao nina mfano wa Marekani ambao umenisumbua tangu nilipousoma. Kule kuna mchezo uitwao besiboli, na kwa miaka mingi ligi zake kubwa ziliwafungia milango wachezaji weusi. Mwaka 1920 Rube Foster akakusanya wenye timu mjini Kansas City wakaunda ligi yao wenyewe. Zikafuata nyingine. Viwanja vilijaa. Lakini baada ya Jackie Robinson kufunguliwa mlango wa ligi kubwa Aprili 1947, ligi za Weusi zilififia moja baada ya nyingine, na wachezaji wao wakabaki wazee wenye hadithi ambazo wenye vitabu vya rekodi hawakuzihesabu. Josh Gibson, ambaye waliomwona walisema hakuna aliyepiga mpira kama yeye, alifariki Januari 1947, miezi michache tu kabla ya siku ya Robinson.

Watu wakakataa hadithi hizo ziishie hapo. Buck O'Neil, aliyecheza na kufundisha katika ligi hizo, alizunguka nchi nzima akisimulia hadi alipofariki mwaka 2006, na makumbusho ya ligi hizo yakaanzishwa Kansas City mwaka 1990. Sambamba na hilo walikuwepo watafiti ambao kwa miaka mingi walipekua magazeti ya watu weusi wa zamani, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier, wakinakili matokeo mchezo kwa mchezo. Desemba 2020 wakuu wa besiboli walikiri kwamba ligi zile zilikuwa ligi kuu sawa na nyingine. Mei 2024 tarakimu zake zikaingizwa katika kitabu kikuu cha rekodi, na jina lililopanda juu kabisa kwa wastani wa upigaji wa maisha yote ni la Josh Gibson: katika kila nafasi 1,000 za kupiga, alifanikiwa 372. Ty Cobb, aliyekuwa juu kwa miaka mingi, alikuwa na 367 hivi. Gibson alikuwa amekaa kaburini miaka 77. Simulizi za wazee zilifanya watu waamini, na karatasi zilizotunzwa zikawalazimisha wakubwa kuandika. Mkono mmoja usingetosha.

Kwetu mkono wa karatasi ndio uliopooza. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yaliandika habari za wakimbiaji hawa, Radio Tanzania ikawatangaza, na katika nyumba zetu zimo namba za kifuani, vyeti vya mashindano ya wilaya na ya mkoa, barua za mwaliko, picha zilizopigwa kambini. Viko chini ya magodoro, ndani ya masanduku ya bati, juu ya dari ambako panya na moshi wanafanya kazi yao. Na si panya peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, Katesh ilipoteza watu, na kilio hicho bado tunacho. Waliosalimika walipoteza nyumba na kila kilichokuwa ndani yake kwa asubuhi moja. Baada ya siku ile sidhani kama kuna mwana Hanang anayeweza kusema kumbukumbu ya familia iko salama kwa kuwa imefungwa kabatini.

Kwa hiyo naomba kila tawi lichague watu wawili, mmoja kijana mwenye simu nzuri na mmoja mtu mzima anayeheshimika kwenye maboma. Waende pamoja. Kijana akienda peke yake ataulizwa ametumwa na nani, na mtu mzima akienda peke yake atarudi na stori tamu bila tarehe. Wabishe hodi kwa adabu, wakae, wanywe chai, waeleze nia. Familia ikiridhia ndipo sauti irekodiwe. Isiporidhia washukuru waondoke. Medali na cheti visitoke nyumbani kwa mwenyewe hata kwa siku moja. Vipigwe picha palepale mezani, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirisha. Nakala zihifadhiwe sehemu tatu zisizo chini ya paa moja: kwa familia, shuleni, na kwa mtu wetu aliye nje ya wilaya.

Maswali yasiwe ya sherehe. Tumezoea kumuuliza mzee anajisikiaje, naye anajibu anajisikia vizuri, mahojiano yanaisha. Aulizwe aliamka saa ngapi. Alikimbia njia ipi, kutoka mto upi hadi kilima kipi, na alipita mara ngapi kwa wiki. Alikimbia na nani, maana kila bingwa alikuwa na wenzake wawili watatu waliomvuta mazoezini na ambao hakuna aliyewahi kuwataja. Viatu alipata wapi, au alikimbia peku hadi mwaka gani. Nani alimwona kwanza: mwalimu wa shule, afisa utamaduni, au mkuu wake jeshini? Alilipwa posho kiasi gani? Aliumia wapi, akatibiwa na nani? Na aulizwe alichojuta, kama yuko tayari kukisema. Kumbukeni pia kwamba Mkoa wa Manyara umezaliwa mwaka 2002, kwa hiyo wazee wetu walivaa flana za Mkoa wa Arusha, na vyeti vyao vingi vinasomeka hivyo. Asije mtu akakiweka pembeni cheti kwa kudhani si cha kwetu.

Mama zetu msiwapite. Mtanzania aliyetangulia kuleta medali ya kimataifa ya riadha ni mwanamke, Theresia Dismas, aliyepata fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Na majuzi tu, mwaka 2023, Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Katikati ya majina hayo mawili kuna wasichana wengi waliokimbia vizuri shuleni, wakaolewa, na mbio zao zikaishia mlangoni pa mume. Hao tunaishi nao. Wengine ni bibi zetu, na wanakumbuka kila mpinzani wao kwa jina. Natamani sura yao katika kumbukumbu zetu iwe ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokosekana kabisa.

Sasa vijana. Sisemi tuwapangie hotuba. Wamechoka kuhutubiwa, na mpira wa miguu wanausikia redioni kila siku bila kuhutubiwa na mtu. Naomba tuwape historia hii miguuni. Chukueni rekodi ya Bayi ya Christchurch. Muda ule ni sawa na kukimbia kila meta 400 kwa chini ya sekunde 57, mara tatu na robo tatu, bila kupumzika. Pimeni duara la meta 400 kwenye uwanja wa shule, lichoreni kwa majivu, kijana mwenye kasi kuliko wote akimbie duara moja tu kwa sekunde 57 huku wenzake wameshika saa. Wengi hawatafika. Mmoja akifika, muulizeni kama anaweza kuendelea hivyo hivyo. Au mchukue muda wa Akhwari wa Edinburgh: ni kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 12, mara 42, na kipande. Wakimbie kilomita moja tu kwa mwendo huo kutoka barabarani hadi shuleni. Baada ya hapo simulieni habari za wazee, na mtaona jinsi watakavyosikiliza. Kijana ambaye kifua chake bado kinapanda na kushuka anaelewa tarakimu kuliko mwanahistoria.

Hatuna haja ya kuwadanganya kwamba kila mmoja atakuwa bingwa au atapata fedha. Riadha imewalipa wachache na imewaacha wengi mikono mitupu, na katika mahojiano yetu hayo yatasikika wazi. Lakini milango haijafungwa. Gabriel Geay alimaliza wa pili Boston mwaka 2023. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa jirani zetu wa Singida, aliingia uwanjani akifukuzana na Amanal Petros wa Ujerumani, wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Mwaka 1974 mzee Bayi alikuwa na cha kuwaonyesha wenzake, na leo Simbu anacho. Tatizo letu ni ile miaka ya katikati, ambayo mtoto wa Gehandu akiitazama haoni mtu wa kumfuata kutoka mmoja hadi mwingine, ingawa watu hao walikuwepo na baadhi wanalima mashamba yanayopakana na yake. Michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA inapokaribia, kila shule ya kata ingeweza kumwalika mmoja wao akae na timu kwa wiki moja, si kama mgeni rasmi, bali kama mtu anayejua jinsi ya kupanda kilima bila kuua mapafu.

Najua mavuno yako njiani na kila mtu ana shughuli. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji daftari, chaji ya simu, na mtu mwenye subira ya kuandika jina la mzee kama mzee mwenyewe anavyolitamka. Walimu waliomo katika umoja wetu nawaomba wasimamie uandishi, na wahitimu wetu walioko Arusha, Dodoma na Dar es Salaam nawaomba waende kwenye maktaba na kwenye hifadhi za magazeti, waanze na kurasa za michezo za Februari 1974, Agosti 1978 na Oktoba 1982, wapige picha kila palipotajwa mtu wa Mbulu au wa Hanang, hata kama ametajwa kwa mstari mmoja tu.

Kila tawi lilete majina ya watu wake wawili kabla ya mwisho wa mwezi huu, pamoja na orodha ya wazee na mama waliowahi kukimbia katika timu ya wilaya, mkoa au taifa, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kwa majina yao yote matatu na kijiji. Walio wagonjwa au wenye umri mkubwa zaidi tutaanza nao. Familia zilizohamia Haydom, Dongobesh, Basotu au Babati zitajwe pia, tuwafuate huko waliko.

Wenu katika umoja,

Katibu